Kaeni, Mimi Nakuja

Nilikuwa nakula nimesimama. Sisemi siku mojamoja za haraka, nasema kila siku, sahani mkononi, mgongo umeegemea kabati la vyombo, jicho moja kwenye sufuria na jingine mlangoni. Viti nyumbani kwangu Nachingwea vipo. Baba watoto alivitengenezesha kwa fundi, vya mninga, vizito kiasi kwamba kukihamisha kimoja ni kazi ya watu wawili, na wageni wakija huvisifia. Mimi nilikuwa navifuta vumbi tu.

Na wala sikujua kama nakula hivyo. Mtu hajioni anavyokula. Aliyeniambia ni mwalimu mwenzangu pale shuleni, mtu mzima, mwalimu wa Sayansi, ambaye ujanani alipelekwa seminari asomee upadri akaishia njiani. Ilikuwa saa nne, wakati wa chai, wanafunzi wako nje wanapiga kelele zao, na sisi walimu tuko ofisini na muhogo wetu wa kuchemsha. Akaniangalia, akaangalia kiti kitupu mbele yangu, akaniangalia tena.

"Mwalimu, hivi hicho kiti kina miiba?"

"Nina kazi," nikamjibu.

"Kazi gani saa hii?"

Nikatafuta kazi ya kumtajia. Madaftari nilikuwa nimeshasahihisha. Zamu haikuwa yangu. Kikombe kiko mkononi, muhogo uko mdomoni. Nikatafuta weee, sikuiona kazi, na badala ya kucheka nikapandwa na hasira. Mimi ni mtu wa kuwaka upesi, sifichi. Nikamwambia ana maneno mengi kama redio iliyosahaulika imewashwa, nikatoka na kikombe changu, nikaenda kumalizia chai barazani. Nimesimama.

Ningeshasahau habari hiyo kama si kizunguzungu. Nilikuwa ubaoni nawafundisha darasa la nne kugawanya, chaki ikanidondoka, nikainama kuiokota, na sakafu ikaja juu kunipokea. Watoto walipiga kelele. Nilipelekwa hospitali nimeshikwa huku na huku, na muuguzi mmoja binti mdogo akanifunga ule mpira mkononi, akapampu, akakunja uso.

"Mama, presha yako iko juu sana. Punguza chumvi, punguza mafuta, punguza mawazo."

Haya. Chumvi najua iliko, iko kwenye kopo. Mafuta yako kwenye dumu. Mawazo yako wapi jamani? Nikamuuliza yanapunguzwaje. Akasema, "Usiwaze tu, mama," akamwita mwingine aliyekuwa kwenye foleni. Nilirudi nyumbani na vidonge kwenye bahasha ndogo na hofu niliyoijua vizuri, kwa sababu mama yangu mzazi kule Chinongwe, upande wa Ruangwa, alikuwa na presha hiyohiyo, na vidonge vyake alikuwa anavimeza siku akivikumbuka. Siku akivisahau alikuwa anasema havikuwa na maana.

Basi nikamfuata yule mwenzangu. Nilijishusha, maana nilikuwa nimemtukana na redio yake.

"Wewe uliyesoma huko kwa mapadri, mawazo yanapunguzwaje?"

Akacheka mpaka akavua miwani. Akaniambia huko seminari walimsomesha falsafa, na aliipenda kweli, kilichomshinda ni Kilatini. "Lakini Mwalimu, falsafa siyo dawa ya presha."

"Najua. Nipe hivyohivyo."

Kesho yake akaniletea kitabu hakina jalada, kurasa zimekuwa rangi ya chai, kinanuka sanduku. Nilikisoma wiki nzima. Nilikielewa kama mtu anayesikiliza taarifa ya habari mvua inapiga kwenye mabati: neno hapa, neno pale, na katikati kelele tupu. Nikakirudisha. Nikamwambia kama haya ndiyo mapadri wanayasoma, basi nawaonea huruma. Hapo ndipo akaniambia kitu ambacho sikukiona kwenye kile kitabu, pengine kilikuwamo kwenye kelele.

"Wewe kila baada ya neno unasema lazima. Nimekusikiliza. Lazima hiki, lazima kile. Sasa ukijisikia unasema lazima, simama hapohapo. Jiulize, hii lazima nimeitoa wapi? Ukikuta ni yako, ibebe. Ukikuta si yako, irudishe kwa mwenyewe."

"Na mwenyewe akiwa hajulikani?"

"Hapo ndipo falsafa inapoanza," akasema, akachukua muhogo wangu akala. Nikaona ananikwepa tu.

Habari ikafika Ruangwa kabla hata sijaanza. Mdogo wangu wa kiume, aliyekuwa akiishi na mama Chinongwe, akanipigia simu kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za mgonjwa.

"Dada, shikamoo. Nasikia umeanza kusoma falsafa."

"Marahaba. Ndiyo."

"Swala unaswali?"

"Naswali."

"Haya. Basi soma kidogo tu, dada."

Nilianza na nyumbani. Nikajisikiliza siku moja tu, na wallahi nilichoka. Lazima niamke kabla ya watu wote. Lazima nijue nani anaumwa kwa ndugu zetu wa Matambarale, na nani kagombana na mumewe, na kwa nini mtoto wa nani haendi shule. Wadogo zangu wakipishana kauli juu ya mpaka wa mikorosho, lazima nipigiwe simu mimi, maana mimi ndiye mkubwa, na wakinipigia wanauliza neno moja tu: "Dada, tufanyeje?" Lazima kitoweo kikipakuliwa, finyango nzuri ziende kwanza kwa wengine. Lazima nile mwisho. Zote hizo nilizikuta kichwani zimekaa kimya kimya kama wapangaji wa zamani, na hata moja sikukumbuka siku niliyoikaribisha.

Jioni nikamwambia baba watoto. Yeye ni mtu mpole, maneno yake ni ya kuhesabu, na alikuwa amerudi kutoka shambani kwake Ruponda anasafisha ile mashine ya kupulizia salfa mikorosho.

"Leo najiuliza kwa nini ni lazima nipike kila siku jioni."

Akainua kichwa. Ana unga wa njano wa salfa kwenye kope. "Kwani nani kasema lazima? Mimi chips napenda."

"Chips?"

"Zile za pale stendi. Napenda sana."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani."

"Na hukusema?"

"Ningesemaje, na wewe ushawasha moto?"

Loo! Nilinuna mpaka kesho yake. Miaka yote hiyo nimeinama kwenye moshi, macho yananiwasha, kwa ajili ya mtu ambaye anatamani chips za stendi! Lakini usiku ule nikiwa bado nimenuna nilisikia kitu kidogo kifuani kimelegea, kama kamba ya mzigo iliyokuwa imekazwa sana. Lazima moja ilikuwa imekufa, na nyumba bado imesimama. Nilitaka kufurahi, ila nilikuwa nimeshanuna, ikabidi nimalize.

Nisidanganye kwamba nilibadilika. Swali nilikuwa naliuliza, jibu nalipata, na asubuhi yake nimeamka kabla ya watu wote nimeshika ufagio. Akili ilikuwa imekubali, mikono haikuwa na habari. Baba watoto akiniita sebuleni, "Mama, njoo ule," najibu palepale, "Kuleni, mimi nakuja," na siendi. Vidonge nameza, na nikienda kupima presha muuguzi anakunja uso uleule. Nikamweleza mwenzangu shuleni kwamba falsafa yake imegoma. Akasema nimejibu maswali madogo yote, lile kubwa nimelizunguka. Nikamuuliza lipi. Akasema hajui, ni la kwangu. Nikamwambia basi hana faida.

Masika yalipokuwa yanaisha, mama akafariki.

Simu ilipigwa asubuhi, na mdogo wangu hakusema "Dada, tufanyeje." Alisema, "Dada, njoo." Baba watoto akanipakia kwenye pikipiki tukaenda, njia ina madimbwi, sikumbuki hata daraja. Majirani walinisimulia. Kulikuwa na watu waliokuja kusaidia kuvuna mpunga, na mama amewapikia, amewatandikia mkeka, wakamwambia na yeye akae. Akawaambia, "Kaeni, mimi nakuja," akaingia jikoni kuchukua chumvi. Wakakaa wakamngoja. Walipoona kimya ndipo mmoja akaenda kumwangalia, akamkuta chini pembeni ya mafiga, kopo la chumvi mkononi.

Sikulia. Nilikuwa na lazima zangu. Sanda, maji ya kumwogeshea, mikeka ya waombolezaji, mchele wa kuwalisha watu waliokuwa wanaingia kutoka kila upande. Nilizunguka ule uani tangu nimefika mpaka mazishi yakaisha. Niliwasikia wanawake wazima wakinong'ona kwamba huyu mtoto moyo wake jiwe. Binti yangu, anayesomea uuguzi, alikuja na basi la kwanza alilopata, na badala ya kukaa na wenzake kwenye mkeka akajifunga kanga akanifuata nyuma na upawa wa pili. Nikasema moyoni, alhamdulillahi, huyu nimemlea.

Kisha nikarudi Nachingwea, nikafundisha, nikala nimesimama, nikangoja arobaini.

Ilituangukia wakati wa ufuta. Chinongwe nzima ufuta ulikuwa umekatwa, umefungwa matita na kusimamishwa juani ukauke, na watu walikuja hitmani na mbegu zimewanasa kwenye nguo. Mimi nilitangulia siku kadhaa kabla, nikapanga kila kitu. Wifi yangu, mke wa mdogo wangu, alisema, "Wifi, sisi tupo, kaa upumzike." Nikamwambia, "Sawa, nakaa," nikaenda kuhesabu masufuria.

Shehe akasoma, dua ikapita, masinia yakaanza kutoka. Ndipo akaingia mtani wetu.

Huyu ni mama mmoja mnene, mchangamfu, mtani wetu wa tangu kwa mababu. Siku ya mazishi alikuwa safarini, hakuwahi, na watu walisikitika kwamba mama yetu kazikwa kimya kama mtu asiye na kwao. Kwetu msiba usio na mtani haujakamilika. Yeye ndiye mwenye ruhusa ya kuwachekesha waliofiwa, na afanye atakalo, hakasirikiwi. Ukimkasirikia ndiyo umemtia ndimu. Sasa alikuwa amekuja na utani wake wote ambao hakupata nafasi ya kuufanya siku ile.

Alitokea nyuma ya jiko. Mtume! Amevaa kanga za mama, zile za kila siku, sijui wifi alimpa saa ngapi. Funguo za stoo amezifunga kwenye pindo, zinalia anapotembea. Mkono mmoja una mwiko, mwingine una sahani yenye wali kidogo. Na ule mwendo, kichwa kimetangulia, miguu inakimbilia kichwa. Watu waliacha kutafuna.

"Kaeni, kaeni! Wewe umekula? Hujala? Nani kampa huyu kifupa? Nani kafunika hii sufuria? Nani kaifunua? Wewe, mbona umekaa kama mgeni? Aa, wewe mgeni kweli, kaa!"

Uani pakalipuka. Shehe mwenyewe alijifunika uso na mkono wa kanzu, mabega yanamtikisika. Mdogo wangu anacheka na machozi yanamtoka, hayafuti. Mtu akapaza sauti kutoka kwenye mikeka ya wanaume, "Bibi, na wewe kaa ule!"

"Kuleni, kuleni, mimi nakuja!"

Akakiendea kinu, kile cha mama, kilikuwa kimepinduliwa pembeni ya jiko, akaweka sahani yake juu ya kitako cha kinu. Akamega tonge kubwa. Akatafuna amesimama, shingo kaigeuza, jicho moja kwenye sufuria, jingine kwenye njia ya kuingilia, na kabla hajameza akaita, "Nani huyo anakuja? Karibu! Kaa!"

Nilicheka. Nilicheka kwa furaha, jamani, kwa sababu kwa dakika hiyo mama alikuwepo. Ndivyo alivyokuwa akila. Maisha yangu yote nimemwona akila pale kwenye kinu na sikuwahi kumwona. Nikageuka nitafute mwenzangu wa kucheka naye, nikakuta watu hawamwangalii tena mtani. Wananiangalia mimi.

Nilikuwa nimesimama. Mgongo umeegemea nguzo ya banda la jiko, sahani mkononi, tonge mdomoni.

Mtani akaona macho ya watu yanakoelekea. Akageuka taratibu, akaniangalia kuanzia miguuni mpaka kichwani, akaweka mikono kiunoni, mwiko umetokeza.

"Hee! Mnanitazama mimi ninayeigiza, kumbe mwenyewe yuko hapa! Ninyi mlimzika nani? Marehemu hakufa, kabadilisha kanga!"

Kicheko kilichopigwa pale sijawahi kukisikia kwenye arusi wala ngoma. Kuna mama alilala kabisa kwenye mkeka. Mimi damu ilinipanda mpaka masikioni. Nilitaka kumjibu, nikakumbuka ni mtani, nikimjibu kwa hasira ananimaliza. Nikaweka sahani chini, nikaenda nyuma ya jiko, kwenye kuni.

Nikasimama pale. Nilijiambia lazima nirudi nikaangalie nyama kama itatosha. Nikajisikia nimesema lazima. Na lile swali, ambalo nilikuwa nimelitumia kwa chips na ufagio na simu za watu, likaja lenyewe, sikuliita. Hii nimeitoa wapi? Safari hii mwenyewe alijulikana. Alikuwa ametoka kupita mbele yangu muda huohuo, funguo zinalia kwenye pindo la kanga. Hakuna siku mama aliyoniambia, mwanangu, usiketi. Nilimtazama tu, toka nikiwa mtoto wa kushika pindo lake, nikajua kwamba mwanamke ni mtu anayesimama. Na yeye alimtazama mama yake. Bibi aliwalisha watu enzi za njaa, chakula kilikuwa hakitoshi, ilikuwa lazima mmoja ale mwisho. Njaa ile iliisha zamani. Kusimama hakukuisha.

Hapo nikalia. Nililia nimeshika zile kuni, kilio ambacho msibani hakikupata nafasi, na sikumlilia kwa sababu kafa. Nilimlilia kwa sababu alikuwa amechoka. Mama yangu alikuwa amechoka miaka mingi, na watu wote tulimwambia kaa, na hata mmoja wetu hakuinuka amwachie nafasi. Nilimpenda pale kwenye kuni kuliko nilivyowahi kumpenda akiwa hai ananipigia kelele.

Nilipomaliza kulia nikangoja nione kitakachofuata. Ukaja wepesi. Mtu aliyebeba ndoo ya maji mbali, akiitua, shingo hupanda juu yenyewe bila kuambiwa. Ndivyo nilivyojisikia. Miaka yote nilidhani hiyo ndiyo tabia yangu, ndivyo Mungu alivyoniumba, na kwamba nikiiacha sitabaki kitu. Kumbe nimeachiwa, na kitu cha kuachiwa unaweza kukiweka chini taratibu, kwa heshima, na aliyekuachia usimkosee. Nikajiuliza lile swali nililokuwa nalizunguka, nikalisema kwa sauti nisikie: "Sasa kama mimi si wa kupakua, mimi ni nani?"

Nikangoja jibu kubwa, la kitabu. Jibu likatoka tumboni. Mimi ni mtu mwenye njaa.

Nilicheka peke yangu pale kwenye kuni na kamasi zinanitoka. Nikajifuta na upindo wa kanga, nikarudi uani, nikapita jikoni bila kufunua kitu, nikaenda kwenye mkeka wa wanawake ambako mtani alikuwa ameshakaa na sinia lake. Akasogea kunipa nafasi, akapapasa mkeka.

"Karibu, marehemu."

"Asante," nikamwambia. "Nimechelewa kidogo."

Nikakaa. Magoti yaligoma kukunjika, yamezoea vingine. Nikala wali wa moto kwenye sinia pamoja na watu, mbele yangu kuna mikono ya wenzangu, na nilishangaa chakula kina ladha. Sauti ikatoka jikoni, "Dada, nyama itatosha?" Nikafungua mdomo. Kabla sijasema, wifi yangu akajibu huko huko, "Itatosha, ikipungua tutaongeza mchuzi." Nikafunga mdomo, nikamega tonge jingine.

Na nitasema yote. Sufuria ya mwisho iliungua kidogo, watu wa kule mwisho walikula ukoko. Mzee mmoja wa heshima alipata kifupa kweli. Hakuna aliyegomba. Watu waliomba dua, wakaaga, wakaenda kwenye ufuta wao, na jua la Chinongwe likatua kama siku nyingine yoyote. Iliniuma kidogo, sifichi. Nilikuwa natarajia walau kitu kimoja kianguke.

Niliporudi shuleni nikamsimulia mwenzangu yote, mtani, kinu, kuni. Nilikaa kwenye kiti nikimsimulia, na nilimngoja aone. Alisikiliza kwa makini, akavua miwani, akaifuta.

"Vizuri sana. Sasa swali la pili. Ukishakaa, unafanya nini?"

"Ninakula muhogo, na wewe unanyamaza," nikamwambia. Akanyamaza, na kwa huyo mtu hilo ni jambo kubwa. Nilipokwenda kupima, yule muuguzi alipampu mara mbili kwa kutoamini, kisha uso wake ukabaki ulivyo, haukukunjika. Aliniuliza nimepunguza nini. Nikamwambia chumvi. Ningeanzia wapi kumweleza?

Simu bado zinaingia, "Dada, tufanyeje?" Siku hizi nauliza, "Ninyi mnaonaje?" na wanaanza kutaja la kufanya wenyewe, nagundua walikuwa wanajua. Siku nyingine nawaka, siku nyingine najikuta kabatini nimeegemea na sahani yangu. Najicheka, nakwenda kukaa. Sikutegemea mtu anaweza kupumzika hivi akiwa na kazi zilezile, nyumba ileile na watu walewale.

Binti yangu alikuja likizo. Ijumaa moja baba watoto akaleta chips kutoka stendi, kwenye mfuko mweusi, anautazama kama mtu aliyeleta nyama ya Iddi. Tukakaa kwenye vile viti vya mninga, mimi na yeye, nikamimina chips kwenye sahani kubwa. Nikamwita binti.

"Kaeni, mimi nakuja," akajibu.

Nikageuka. Alikuwa mlango wa jikoni, mgongo umeegemea kabati, ana kipande cha chips alichodokoa anatafuna, jicho moja kwenye birika lililokuwa motoni na jingine kwetu. Ana miaka ya kuwa mchumba wa mtu. Presha hajawahi hata kupima yake, anapima za wengine. Nilihisi ile sakafu ya darasani inataka kuja juu tena.

"Huji," nikamwambia.

"Nakuja, mama, naleta tu maji ya kun—"

"Huji. Bibi yako alisema hivyohivyo, akaenda kuchukua chumvi." Nikavuta kiti cha tatu, peke yangu, kizito vile vile, kikakwaruza sakafu mpaka karibu yangu. "Njoo ukae sasa hivi, mama yangu. Hakuna aliyekutuma."

Akaja, akakaa kwenye ncha ya kiti, kama mtu anayengoja kufukuzwa.

"Na maji nani ataleta?"

"Baba yako ana miguu."

Baba watoto akanitazama, akamtazama binti, akainuka akaenda jikoni. Tukasikia anafungua kabati hili, anafunga lile, anaangusha kikombe, hajui vikombe vinakaa wapi kwenye nyumba yake. Binti akataka kunyanyuka. Nikamshika mkono. Chips zikaanza kupoa, na sisi tukakaa.